Kweli au Si Kweli: Majengo ya Kilosa na Mikumi na Sauti Zilizomo

Masika yakikolea Kilosa, mwalimu anayefundisha chini ya bati lisilo na dari huishiwa ujanja. Matone yakianza kugonga hupandisha sauti. Yakizidi hugeukia ubao. Yakimwagika kwa nguvu huweka chaki chini akasubiri. Wa dawati la mbele huambulia neno hapa na neno pale, wa nyuma hawaambulii kitu. Hasara hiyo haionekani kwenye daftari la mahudhurio, kwa kuwa siku hiyo wote walihudhuria.

Elimu ya kutibu tatizo hili ipo. Inaitwa akustika ya majengo, tawi la ubunifu majengo linaloshughulika na namna sauti inavyosafiri, inavyonyonywa na inavyozuiwa ndani ya jengo. Nawaandikia vijana wa Kilosa, Mikumi, Kimamba na Kidodi wanaofikiria kusoma ubunifu majengo, na pamoja nao kamati za ujenzi za shule, zahanati, makanisa na misikiti. Kuna madai yanayopita mdomo kwa mdomo kuhusu sauti na kuhusu fani yenyewe, na baadhi yake yanawagharimu watu fedha, masomo na hata siri zao.

“Akustika ni mambo ya studio na kumbi za muziki za Ulaya”

Si kweli, na historia ya fani inalikanusha dai hili waziwazi. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara katika jumba la makumbusho la Fogg, na ukumbi huo ulishindikana kufundishia. Neno likitamkwa liliendelea kuvuma kwa takriban sekunde tano na nusu, hivyo maneno yakarundikana moja juu ya jingine. Kazi ya kuutibu alipewa mhadhiri kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine. Usiku, mji ukiwa umetulia, yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi wa Sanders, wakaipanga ndani ya ukumbi wenye tatizo, wakapuliza bomba la kinanda na kupima kwa saa muda ambao sauti ilichukua kufifia. Kabla hakujapambazuka walirudisha mito mahali pake.

Kazi hiyo ilimpa kanuni inayofundishwa hadi leo: zidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, kisha gawanya kwa jumla ya unyonyaji wa sauti uliomo chumbani, utapata muda wa mvumo kwa sekunde, yaani muda ambao sauti huchukua kushuka kwa desibeli 60. Unyonyaji huhesabiwa kwa mita za mraba za dirisha lililo wazi, kwa sababu sauti iliyotoka dirishani hairudi.

Kwa hiyo fani hii ilizaliwa darasani, pale wanafunzi waliposhindwa kumsikia mwalimu wao. Ukumbi maarufu wa muziki wa Boston, ambao Sabine alishauri ujenzi wake, ulifunguliwa baadaye, mwaka 1900. Anayesema akustika haituhusu kwa sababu hatuna kumbi za okestra amekisoma kitabu kuanzia sura ya pili.

Tufanye hesabu ya darasa la kwetu. Chukua chumba cha mita 9 kwa 7, kimo mita 3, chenye kuta za plasta, sakafu ya saruji na dari ngumu iliyopakwa rangi. Ujazo ni mita za ujazo 189. Nyuso ngumu za namna hiyo hunyonya kama asilimia 3 tu ya sauti inayozigusa. Tuseme madirisha yaliyo wazi yana jumla ya mita za mraba 6. Chumba kikiwa kitupu, unyonyaji wote ni kama 12.5, na mvumo unafika sekunde 2.4. Waingie watoto 45, kila mmoja akinyonya sawa na mita ya mraba 0.3 hivi, mvumo unashuka hadi karibu sekunde 1.2. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unapendekeza sekunde 0.6 kwa darasa, na kelele za nyuma zisizozidi desibeli 35. Tuko mara mbili ya kiwango, na mvua haijanyesha bado.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: dari ngumu ipe nafasi dari inayonyonya nusu ya sauti. Unyonyaji unapanda hadi 55 na kidogo, mvumo unashuka hadi sekunde 0.55. Kuta ni zilezile, madawati ni yaleyale, mwalimu ni yuleyule, na mtoto wa nyuma amerudishiwa somo lake.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha jambo linaloshangaza wengi: darasa lenye watoto 90 huvuma kidogo kuliko lenye 45, maana miili na nguo hunyonya sauti. Lakini watoto haohao ndio chanzo cha kelele, na kelele huzaa kelele. Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza jinsi mtu anavyopandisha sauti bila kujijua anapozungukwa na makelele. Kila kundi hupandisha ili kulishinda lile la jirani, na mwishowe mwalimu anamaliza kipindi akiwa amekauka koo.

“Ukiezeka bati nene, kelele za mvua zimekwisha”

Nusu kweli, na ni nusu ndogo. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30 au 32, na uzito ukiongezeka mtetemo hupungua kiasi. Ila kila tone bado linaligonga bati moja kwa moja, na bati lililotandazwa juu ya papi hutetemeka kama ngozi ya ngoma na kumwaga sauti chini. Mvua kubwa juu ya bati tupu hufika desibeli 70 na kupita. Mwalimu anayezungumza kwa sauti ya kawaida hutoa kama desibeli 60 hadi 65 ukimpimia mita moja kutoka mdomoni, na kadiri unavyozidi kuwa mbali ndivyo sauti yake inavyopungua. Ili mtoto aelewe maneno vizuri, sauti ya mwalimu inatakiwa kuizidi kelele kwa desibeli 15 hivi. Hapa kelele ndiyo iliyoizidi sauti, na kubadilisha geji hakulipi deni la ukubwa huo.

Kinachosaidia ni kuweka tabaka zito kati ya bati na masikio, nafasi ya hewa ikibaki katikati, au kulituliza bati lenyewe kwa kitu laini kinachogusana nalo ili lisitetemeke. Wazee walilijua hili kwa vitendo. Nyumba ya nyasi haipigi kelele, kwa sababu tone linapokelewa na kitu laini na kinene. Nyumba za tembe, ambazo wasafiri wa karne ya 19 walianza kuziona Usagara walipokuwa wakipanda kutoka pwani, zilikuwa na paa bapa la udongo juu ya miti. Uzito ule hauruhusu mlio wa matone kupenya. Bati lilikuja na faida kubwa, haliozi upesi wala halitaki kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na sioni haja ya kulitukana. Kosa letu ni kwamba tulilipokea peke yake, bila kitu cha kurudisha uzito na ulaini tuliouacha.

Mfano mzuri wa kurudisha uzito huo unatoka Gando, Burkina Faso. Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji hicho aliyesomea ubunifu majengo Berlin, alijenga shule ya msingi ya kijijini kwake iliyokamilika mwaka 2001. Dari ni ya matofali ya udongo, na paa la bati limeinuliwa juu yake kwa fremu za nondo, upepo ukipita katikati. Shabaha yake kuu ilikuwa joto. Lakini umbo hilohilo, tabaka zito chini, hewa kati, bati juu, ndilo ambalo mtaalamu wa sauti angelichora kwa ajili ya mvua. Mwaka 2022 Kéré alipewa Tuzo ya Pritzker, ya kwanza kwenda kwa mbunifu kutoka Afrika. Kijana wa Rudewa au Msowero anayejua joto la Februari na mvua ya Aprili ana malighafi ileile ya fikra aliyokuwa nayo Kéré.

Kamati ya ujenzi isiyo na fedha nyingi ipange hivi: dari kwanza, rangi na urembo wa mbele ya jengo baadaye. Kwa kawaida hufanyika kinyume, kwa sababu mgeni rasmi huona rangi na haketi darasani siku ya mvua.

“Trei za mayai ukutani huzuia sauti”

Si kweli. Mikumi ni jimbo ambalo mwaka 2015 lilimpeleka bungeni mwanamuziki, Joseph Haule, yaani Profesa Jay, kwa hiyo vijana wenye ndoto ya kurekodi muziki hawawezi kukosekana huko. Wengi huanza kwa kukusanya trei na kuzigundisha ukutani, kisha wanashangaa jirani bado analalamika.

Tatizo ni kuchanganya kazi mbili. Kunyonya ni kupunguza mvumo ndani ya chumba. Kuzuia ni kuifanya sauti isitoke wala isiingie. Kazi ya kuzuia hufanywa na uzito na kuziba matundu. Ukuta ukiongezewa uzito mara mbili, uwezo wake wa kuzuia hupanda kwa desibeli 5 au 6. Ukuta wa tofali moja la kuchoma lililopigwa plasta pande zote huzuia kama desibeli 45. Trei ya karatasi haiongezi hata kitu cha kupimika. Katika kunyonya nako inafanya kidogo, kwenye sauti za juu tu, huku besi ikiachwa ivume ipendavyo.

Hatari kubwa zaidi ni moto. Trei zinawaka, na magodoro ya povu yanayobandikwa ukutani yanawaka vibaya zaidi, yakitoa moshi wenye sumu. Tarehe 27 Januari 2013 katika mji wa Santa Maria, Brazil, cheche za fataki ziliwasha povu lililokuwa limewekwa darini kwa ajili ya sauti katika ukumbi wa starehe wa Kiss, na watu 242 wakafa. Mtu asijifungie na povu tupu kwenye chumba chenye mlango mmoja na nyaya za umeme zilizounganishwa kienyeji.

Kilosa ina kitu bora ambacho hakijatumika inavyostahili: mkonge. Mmea huu uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche 1,000 ilitoka Florida, na 62 tu ndiyo iliyofika hai kwenye pwani ya Tanga. Kutoka kwenye miche hiyo yakaja mashamba yaliyotapakaa hadi Kimamba na Rudewa. Nyuzi za mkonge zikisokotwa na kushindiliwa kuwa mabamba manene yenye vinyweleo vya hewa, sauti huingia katikati ya nyuzi, hewa husuguana nazo, na nguvu ya sauti hugeuka kuwa joto dogo. Unene ndio wenye maana. Sauti ya hezi 500 ina urefu wa wimbi wa karibu sentimita 69, na kinyonyaji hufanya kazi vizuri kinapofikia umbali wa robo ya wimbi kutoka kwenye uso mgumu, yaani sentimita 17. Si lazima bamba lenyewe liwe nene kiasi hicho. La sentimita 5 linaloning’inia chini ya dari au chini ya kenchi, hewa ikijaza nafasi iliyobaki, hufanya kazi kubwa. Mkonge nao unawaka, kwa hiyo ulowekwe kwanza kwenye dawa ya kuzuia moto. Chumvi za boraksi hutumika kwa kazi hiyo kwenye nyuzi za asili. Mwanafunzi wa ubunifu majengo anayetafuta mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho asitafute mbali.

“Ukuta wa tofali unatunza siri”

Si kweli, ikiwa ukuta huo haufiki juu. Dai hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Tazama majengo ya huduma ya vijijini na gesti za kando ya barabara kuu. Kuta za ndani huishia kwenye lenta au chini ya kenchi, hakuna dari, na juu ni uwazi mmoja unaounganisha vyumba vyote. Au dari ipo, lakini juu ya mlango kuna matundu ya hewa, na chini ya mlango pengo la vidole viwili. Sauti haihitaji kupenya tofali. Inapita juu, inagonga bati, inashuka upande wa pili.

Hesabu yake ni kali. Tundu lenye ukubwa wa asilimia 1 tu ya eneo la ukuta hupitisha asilimia 1 ya nguvu ya sauti, na hilo linaushusha ukuta mzima hadi desibeli 20, hata kama tofali lenyewe lina uwezo wa 45. Desibeli 20 haziwezi kuficha mazungumzo. Kwenye zahanati maana yake ni kwamba mwanamke anayepewa majibu ya kipimo cha VVU, msichana anayeuliza kuhusu mimba, mzee anayeeleza maradhi ya kibofu, wote wanazungumza mbele ya watu waliokaa kwenye benchi la nje. Wengine hunyamaza. Mgonjwa aliyenyamaza hutibiwa nusu, na muuguzi hawezi kujua alichofichwa.

Dawa yake haina gharama ya kutisha. Pandisha ukuta wa chumba cha ushauri hadi kwenye bati na kuziba mianya ya migongo ya bati kwa udongo au saruji. Weka mlango mzito, uwe na kizingiti. Matundu ya hewa yahamishiwe kwenye ukuta wa nje, yasitazame korido wala benchi la kusubiria. Na benchi lenyewe lisogezwe. Fundi aliyehitimu VETA Mikumi anaweza kufanya yote haya kwa siku chache. Kinachokosekana ni mtu wa kuyachora kwenye ramani kabla ya msingi kuchimbwa.

Hapa kuna mvutano wa kweli ambao mbunifu wa nchi za joto hawezi kuukwepa: joto linataka uwazi, sauti inataka kuziba. Otto Koenigsberger na wenzake, katika kitabu chao cha ujenzi wa nchi za tropiki cha mwaka 1973, waliweka sura ya udhibiti wa kelele bega kwa bega na sura za joto na mwanga. Wabunifu wanaokariri suluhisho la nchi za baridi, chumba kilichofungwa chenye kiyoyozi, hawajaligusa swali hili. Jibu hutafutwa kwa mpangilio: hewa ipite kona, ipite kwenye mfereji uliozungushiwa kinyonyaji, itoke upande ambao hakuna mtu anayesubiri.

“Mahubiri hayasikiki? Nunueni spika kubwa”

Si kweli katika majengo mengi. Mtu akikaa mbali na spika, sauti inayomfikia moja kwa moja ni ndogo kuliko ile iliyokwisha kugonga kuta na kurudi. Ukiongeza nguvu, zote mbili zinapanda pamoja, na uwiano unabaki uleule. Waumini wanapata kelele nyingi zaidi, maneno yaleyale yasiyoeleweka. Spika ndogo kadhaa, kila moja karibu na watu inaowahudumia na ikiwaelekea wao, hufanya kazi kuliko mbili kubwa zilizosimama madhabahuni zikielekea ukuta wa nyuma.

Lakini kwanza tibu chumba. Mahubiri yanahitaji mvumo wa sekunde moja au chini ya hapo. Kwaya hufurahia zaidi ya hapo, na ukumbi wa Boston ukijaa watu una karibu sekunde 1.9. Kanisa linalotaka vyote viwili litafute katikati, au lining’inize vitambaa vizito vinavyoweza kufunguliwa siku ya tamasha. Msikitini mazulia husaidia sauti za juu ila hayagusi besi, kwa hiyo kuba linaweza kuendelea kuvuma juu ya zulia zuri. Misikiti ya kale ya pwani, kama ule Mkuu wa Kilwa Kisiwani uliopanuliwa karne ya 14 kwa nguzo na makuba madogo mengi, iligawanya paa katika vipande badala ya kuba moja kubwa linalokusanya sauti mahali pamoja. Mihrabu nayo, imamu akiielekea huku waumini wakiwa nyuma yake, hurudisha sauti yake kwao. Yapo mengi ya kujifunza pale kabla ya kuagiza mchoro wa nje.

Tanzania ina Kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Spika inayolazimisha kijiji kizima kusikia inaweza kumfikisha mwenye nayo mbele ya sheria, na waumini walio ndani bado wasielewe neno.

“Panda miti, kelele za malori zitakoma”

Karibu si kweli kabisa. Barabara kuu ya kwenda Zambia hukata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, kisha hupita katikati ya mji wa Mikumi wenye gesti na hoteli pande zote. Mwenye nyumba hupanda safu ya mikrismasi au milimao na kuamini kazi imekwisha. Safu moja haipunguzi chochote cha maana. Msitu mnene wa mita 60 ndio unaoweza kushusha kelele hadi desibeli 10. Miti inaficha lori machoni, na macho yakipumzika sikio nalo hulalamika kidogo, basi. Ipandwe kwa ajili ya kivuli na vumbi.

Ukuta imara unaokata mstari kati ya gurudumu na dirisha hupunguza kama desibeli 5 na zaidi kadiri unavyoinuka. Lakini bora kuliko ukuta ni ramani nzuri: stoo, ngazi, vyoo na korido vikae upande wa barabara, vitanda vikae upande wa pili, madirisha yatazame milima. Jengo lenyewe linageuka kizuizi, bila shilingi ya ziada. Jambo hili huamuliwa kwa penseli siku ya kwanza, na likikosewa siku hiyo halirekebishiki kwa mapazia.

“Treni ya umeme haina kelele”

Nusu. Injini imenyamaza, ila magurudumu na reli bado yanasuguana, na mwendo ukiongezeka maradufu kelele hiyo hupanda kwa karibu desibeli 9. Reli mpya inayopita Kilosa imesanifiwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Anayejenga shule karibu na njia hiyo aihesabu kelele hiyo.

“Usiku sauti husafiri mbali zaidi”

Kweli, na sababu si ukimya peke yake. Mchana ardhi hupashwa jua, hewa ya chini huwa moto kuliko ya juu, na kwa kuwa sauti hukimbia zaidi kwenye hewa ya moto, wimbi hupinda kuelekea angani. Usiku ulio shwari mambo hugeuka: hewa ya chini hupoa kwanza, sauti hupindishwa irudi ardhini. Kilosa iko bondeni kando ya mto Mkondoa, milima ikiizunguka, na hewa ya baridi hupenda kutulia mahali pa namna hiyo. Ndiyo maana honi ya treni inayopita bila kutambuliwa saa nane mchana husikika saa nane usiku hadi vitongoji vya mbali.

Tembo wanaitumia hali hii. Mwaka 1984 Katy Payne, akiwa kwenye bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, alihisi mtetemo hewani karibu na tembo na baadaye akathibitisha kwamba wanazungumza kwa sauti za chini ya hezi 20, ambazo sikio la mwanadamu halizipati. Utafiti ukaendelea Amboseli, Kenya, na Etosha, Namibia, na ukaonyesha kwamba jioni, hewa ya chini inapoanza kupoa, eneo ambalo mwito mmoja unasikika kwa tembo wengine hupanuka mara kadhaa. Sauti ya hezi 20 ina urefu wa wimbi wa mita 17. Kichaka hakiwezi kuisimamisha. Besi ya baa ya Mikumi ni ndugu yake wa karibu: kwenye hezi 60 wimbi lina karibu mita 6, linazunguka nyumba na kupita dirishani. Kila mwenye baa anayetaka kupiga muziki hadi usiku wa manane angepaswa kuelezwa hili kabla ya kupewa kibali.

“Ubunifu majengo ni kuchora, na ukitaka kuusoma vizuri lazima uende nje”

Si kweli mara mbili. Kuchora ni lugha ya kazi, na mkono hufundishika. Kinachobebwa na michoro ni fizikia ya joto, mwanga, hewa na sauti, pamoja na ujenzi, sheria, gharama na maisha ya watu. Mwanafunzi mwenye mkono mzito lakini anayependa fizikia na jiografia asikate tamaa.

Kuhusu kwenda nje, dai hili lilikuwa kweli zamani. Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar es Salaam, alisomea Bombay. Beda Amuli, aliyebuni Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, alisomea Haifa, Israeli. Leo mlango uko nyumbani. Chuo Kikuu Ardhi kilianza mwaka 1956 kama mafunzo ya upimaji ardhi, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, na chuo kikuu kamili mwaka 2007. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya nacho hufundisha ubunifu majengo, na Nairobi kuna shule kongwe ya fani hii. Akustika huingia kama sehemu ya sayansi ya mazingira ya jengo. Anayetaka kuifanya taaluma ya maisha ndiye huhitaji masomo ya juu zaidi, na vyuo kama Southampton na Salford nchini Uingereza vina jina kubwa katika sauti. Akienda na swali la bati la Kilosa mkononi, atarudi na jibu lenye faida. Akienda mikono mitupu atafundishwa kumbi za okestra.

Na shahada peke yake haikupi jina la mbunifu majengo. Kwa sheria ya mwaka 2010, jina hilo ni la aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, baada ya mazoezi ya kazi na mitihani ya Bodi. Mzazi anayepanga bajeti ahesabu na kipindi hicho.

“Bila vifaa vya gharama huwezi kuanza”

Si kweli. Simama mita 17 kutoka ukuta mrefu wa nje na upige kofi moja; mwangwi utakurudia baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ingia darasani jioni, wenzio wakiwa wametoka, pasua puto na urekodi kwa simu. Programu za bure za kuhariri sauti zitakuonyesha jinsi mlio ule unavyoshuka, na utausoma mvumo kwa macho. Omba ruhusa ya mwalimu mkuu, ning’iniza magunia ya mkonge chini ya dari kwa siku moja, pasua puto jingine mahali palepale, linganisha. Usiiamini simu inapokutajia desibeli kamili, maana kipaza sauti chake hakijapimwa. Iamini inapokuonyesha tofauti kati ya kabla na baada. Andika idadi ya watu waliokuwemo, madirisha yaliyokuwa wazi, na kama mvua ilikuwa inanyesha.